Utafiti wa Kuharisha Uliokosa Wagonjwa

Nchi yetu inaitwa Heko. Ukiitafuta kwenye ramani usihangaike. Ramani yake ilichapwa zamani ila haijazinduliwa, na nchini Heko kitu kisichozinduliwa hakipo. Hiyo ndiyo sheria, na ni sheria nzuri, maana bila hiyo watu wangeanza kutumia vitu ovyo. Kwenye mto wa njia ya wilayani kuna daraja la saruji lenye utepe mwekundu huku na huku, na watu wanavuka chini yake, viatu mkononi, maji kiunoni, wakilisifia. Kitukuu changu Nyamvula alizaliwa katika wodi ya wazazi iliyokuwa inamngoja mgeni rasmi, kwa hiyo cheti chake kinasema alizaliwa uani.

Sisi wa Mitunduni tulibahatika, kisima chetu kilizinduliwa. Miaka minne iliyopita alikuja Waziri wa Afya za Mbali mwenyewe. (Yupo na Waziri wa Afya za Karibu, huyo anashughulikia afya za mawaziri.) Akakata utepe, akasukuma pampu mara mbili, akapigwa picha. Kwa heshima yake walimjengea choo. Choo cha vigae, mlango wenye kitasa, shimo refu kama la kuzikia tembo. Na kwa kuwa mgeni rasmi hatakiwi kutembea mbali akibanwa, walikichimba hatua kumi na mbili kutoka kisimani, upande wa juu, palipo na kivuli. Waziri alikitumia mara moja. Tangu siku hiyo wanakitumia watumishi wa ofisi ya kata, watu kumi na tisa, na wanakisifia sana.

Mwaka uliofuata watoto wetu walianza kuharisha. Tukawapa maji ya mchele, tukawapa majani ya mpera, tukawapeleka zahanati wakapewa ushauri. Mwaka jana tulizika wanne. Wa mwisho alikuwa Tumu, mdogo wake Nyamvula. Alikuwa na meno sita.

*

Msidhani serikali ililala. Ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kuwalea Watafiti Chipukizi wa Afya za Mbali. Vijana waliosoma waje vijijini kutafuta kinachoua watu, na kwa kuwa ni vijana, wasije wakakitafuta vibaya, kila mmoja apewe walezi. Wilaya yetu ilipata mtafiti chipukizi mmoja na walezi kumi na wanne.

Mtafiti alikuja kwa miguu, kwa sababu gari la Mpango lilijaa walezi. Binti mwembamba, mtoto wa fundi cherehani, jina lake Siwatu. Mwenyekiti wa kijiji alimleta kwangu akae, maana nina chumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

Akafikiri. "Nimekuja na fulana, bibi."

Akageuka nikaiona. Mgongoni imeandikwa NALELEWA.

"Na kifaa cha kupimia maji?"

"Hicho niliomba. Walezi wamesema kwanza nikomae."

Alikuwa amekomazwa miezi minane tayari, katika hoteli moja kando ya ziwa. Nilimuuliza walimfundisha nini huko. Akasema mwezi wa kwanza walijifunza kushukuru kwa mdomo, na mwezi wa pili kushukuru kwa maandishi. Miezi iliyobaki ilikuwa ya mazoezi.

Andiko la utafiti wake lilikuwa na swali moja tu, nalo aliniandikia kwenye kipande cha karatasi nikalisoma mwenyewe bila msaada: watoto wa Mitunduni wanaharishwa na nini? Likapelekwa kwa walezi. Kila mlezi akaongeza neno ili naye ahesabike amelea. Liliporudi lilikuwa linaitwa Tathmini Shirikishi ya Mielekeo ya Awali ya Mtazamo wa Kaya Kuhusu Kuharisha kwa Walio Chini ya Miaka Mitano katika Muktadha wa Mitunduni, Awamu ya Sifuri. Neno maji lilikuwa limeondolewa. Maji ni ya wizara nyingine.

Na likawekewa sharti: wapatikane watoto thelathini wanaoharisha. Wakipungua, utafiti unafungwa. Siwatu akapita nyumba hadi nyumba na daftari lake la shule, akapata thelathini na wanne. Mlezi mkuu, Profesa Msuvile, akapiga simu. Sauti yake ilijaa ua wote.

"Hongera, binti! Thelathini na wanne! Umeanza vizuri mno. Watunze hao!"

Siwatu alikata simu akaitazama muda mrefu, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua.

*

Sasa, utafiti nao ni kitu, na kitu lazima kizinduliwe. Wakaja watu wa Mpango na utepe wa bluu wenye nembo, wakakizungushia kisima chote. Kuanzia hapo kikawa eneo la utafiti, na mtu haruhusiwi kuchota mpaka mgeni rasmi akate. Wakaweka na mlinzi, Mzee Kidodi, na rungu lake.

"Na sisi tunywe nini?" aliuliza Mama Kijoti. Huyu ni jirani yangu, na mdomo wake hauna breki.

"Vumilieni, mama zangu. Ni siku tatu tu," alijibu mmoja wa watu wa Mpango.

Siku tatu zikawa wiki saba. Wiki ya kwanza Waziri alikuwa anazindua mwavuli. Wiki ya pili alizindua kamati ya kuchunguza kwa nini vitu vinachelewa kuzinduliwa. Wiki ya tatu na ya nne alikuwa ng'ambo, anajifunza namna wenzetu wanavyozindua. Sisi tukawa tunakwenda chemchemi ya Ngware, juu kule kwenye mawe, saa nzima na nusu kupanda, na kushuka na ndoo ni zaidi. Goti langu la kushoto lilivimba. Kila asubuhi tukipita kisimani Mama Kijoti alimtukana Mzee Kidodi, naye akamjibu, mpaka matusi yao yakawa kama salamu.

"Umeamkaje, mlinzi wa kamba?"

"Salama, debe tupu. Pita, usikanyage utafiti."

Katikati ya wiki ya tatu nilikuwa nampa Nyamvula ugali. Akamaliza. Akainua bakuli, akasema, "Niongeze."

Nilibaki na mwiko hewani. Mwaka mzima neno hilo lilikuwa halijasikika nyumbani mwangu.

Nikampa tena. Nikangoja aanze kushika tumbo. Hakushika. Akatoka kwenda kumvuta mbuzi mkia.

Siwatu alikuwa ameshaanza kuona. Kila siku anapita na daftari, anaandika, anarudi anahesabu. Thelathini na wanne wakawa ishirini. Ishirini wakawa saba. Mwisho wa wiki ya tano alikuja anakimbia, kandambili moja imebaki njiani.

"Bibi, hakuna! Nyumba themanini na moja, hakuna hata mmoja!"

"Hata kwa kina Kijoti?"

"Hata kwa kina Kijoti! Bibi, sikuhitaji hata kile kifaa. Wamefunga kisima, watoto wamepona. Ni kisima, na kisima kimeharibiwa na kile choo. Kikifungwa kabisa, basi, yameisha!"

Tukaimba pale uani, mimi na goti langu. Jioni akakaa akamwandikia Profesa barua. Ukurasa wa kwanza alishukuru, kama alivyofundishwa. Ukurasa wa pili akaomba jambo moja: utepe usikatwe.

*

Kwa mara ya kwanza tangu Mpango uanzishwe, gari lilifika haraka. Profesa Msuvile alishuka, mtu mnene mpole, mwenye leso tatu. Nikamtandikia mkeka, akaomba kiti. Nikampa kiti, akaomba kingine cha mkoba wake.

"Binti," alimwambia Siwatu, "wagonjwa wako wako wapi?"

"Wamepona, Profesa."

"Wote?"

"Wote, Profesa. Nimeandika kwenye..."

"Nilikuambia uwatunze." Alipangusa shingo kwa leso ya kwanza. "Nilikuambia kwa simu, kwa mdomo wangu huu. Utafiti wa kuharisha, halafu hakuna anayeharisha. Nitampeleka Waziri wapi? Nitamwonyesha nini, watoto wanaocheza?"

Nje Nyamvula alikuwa anacheza. Profesa alimtazama kwa huzuni.

"Lakini Profesa, swali limejibiwa," Siwatu alisema. "Ni kisima. Walipoacha kunywa, waliacha kuharisha. Wiki tano nimeandika kila siku."

"Kabla ya uzinduzi?"

"Ndiyo."

"Basi hujaandika. Kilichotokea kabla ya uzinduzi hakijatokea." Leso ya pili. "Na hilo la choo, nimelisoma kwenye barua yako. Choo kile ni cha nani?"

"Cha mgeni rasmi, Profesa."

"Nani alikitumia?"

Siwatu akafungua daftari, akalifunga.

"Unataka niandike, mimi, kwamba kilichotoka kwa Mheshimiwa Waziri kinawaharisha watoto wa Heko? Niweke jina langu la kwanza, na wenzangu kumi na watatu chini yangu, na lako chini yao?"

"Si lazima jina langu liwepo, Profesa. Kisima kifungwe tu."

"Ndiyo maana tunawalea nyinyi," alisema Profesa, na kwa kweli macho yake yalilowa. "Mna haraka. Mnadhani utafiti ni kujua. Mwanangu, mimi nimelea watafiti arobaini na hakuna hata mmoja aliyefika kujua kabla ya Awamu ya Tatu. Jumamosi tunazindua. Watu wataanza kunywa, wagonjwa watarudi, utafiti utaendelea. Usiogope, sitakuacha."

Niliuliza, kwa kuwa mimi sijasoma sana na nilitaka kuelewa. "Profesa, wakirudi kuugua, na wakafa?"

Alinigeukia kwa heshima zote. "Bibi, hilo tumelifikiria. Kwenye fomu kuna mahali pake."

Nilikuwa nimeinjika chai. Niliimwaga.

*

Jumamosi yalikuja maturubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, zulia jekundu kutoka barabarani hadi kisimani, na spika mbili kubwa kuliko zahanati. Waziri alifika saa nane badala ya saa tatu, maana mgeni rasmi akiwahi anakuwa mgeni wa kawaida. Ikasomwa risala ya kumshukuru kwa kuja. Akasoma hotuba ya kushukuru kwa kushukuriwa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Nchi isiyolea watafiti wake ni kama... ni nchi ambayo... hailei watafiti wake! Mtafiti wetu chipukizi yuko wapi? Asimame tumwone!"

Siwatu alisimama na fulana yake.

"Mnamwona? Amelelewa!"

Makofi. Kisha mkasi ukaletwa kwenye sinia. Siwatu alipiga hatua moja mbele, akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, naomba, usikate." Profesa akacheka kwa niaba yake, akasema binti amezidiwa na furaha. Utepe ukakatwa.

Ratiba ilisema baada ya utepe mtoto wa Mitunduni atakunywa kikombe cha kwanza mbele ya kamera. Mtoto aliyechaguliwa alikuwa Nyamvula, kwa sababu, walisema, ana mashavu. Mashavu hayo yalikuwa ya wiki nne. Mwenyekiti alikuja kumchukua mikononi mwangu. Nilimkaza, akavuta, nikamkaza.

Mshereheshaji akapampu, akajaza kikombe cha bati, akamwinamia Nyamvula aliyekuwa bado mikononi mwangu.

Hapo nikasema. Sikupanga, na sikupaza sauti. Nilisema tu, "Baba, samahani. Sisi huku hatujawahi kumpa mtoto maji kabla ya mkubwa. Aanze mgeni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani ni adabu, na ilikuwa adabu kweli. Kamera zikamgeukia Waziri.

Waziri alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Ninakipokea kikombe hiki," alisema, "kwa niaba ya Mheshimiwa Rais." Makofi. "Na kwa kuwa ninakipokea kwa niaba, itifaki hainiruhusu kukinywa mimi mwenyewe." Akampa mkuu wa wilaya.

Mkuu wa wilaya alikuwa amefunga.

"Leo Jumamosi?" Mama Kijoti aliuliza.

"Ni funga ya binafsi, mama." Akampa mganga mkuu wa wilaya.

Mganga mkuu alikileta karibu na mdomo, akakinusa kwa bahati mbaya, akakumbuka kwamba anaumwa jino. Akampa Profesa. Profesa alisema mlezi wa kweli hamtangulii anayemlea, akampa mlezi wa pili, naye wa tatu, kikapita walezi wote waliokuja, kila mmoja akimsifia aliyefuata. Diwani akasema yeye amekunywa nyumbani.

"Nyumbani kwako unachota wapi, diwani?" Mama Kijoti tena.

"Mimi ninaletewa."

"Na nani? Kutoka wapi?"

Diwani alikuwa ameshampa mtendaji wa kata. Mtendaji akampa mlinzi. Mzee Kidodi akasema yeye yuko kazini.

Kikombe kilipita mikono ishirini na hakikupungua hata tone. Nilikuwa nakitazama tu. Kilifika mwisho wa safu, wakubwa wakawa wameisha, na mshereheshaji akasema kwa furaha, "Basi wakubwa wameridhia! Sasa mtoto!"

Siwatu akakichukua. Nadhani mshereheshaji alidhani ndiye atakayemnywesha. Akasema, "Samahanini," akakimwaga kwenye zulia.

Yale maji yalitambaa chini ya meza kuu. Na mimi niliona, na wanawake wote waliona, kwa sababu tulikuwa tumekaa chini: viatu vyote vya meza kuu, vyeusi, vya kahawia, vya Waziri vyenye kamba za dhahabu, vilirudi nyuma kwa pamoja.

"Hee!" alisema Mama Kijoti. "Wameogopea hata viatu."

*

Siku ile hakuna aliyepanga foleni kisimani. Wala kesho yake. Mzee Kidodi aliondolewa, kisima kiko wazi, ruhusa ipo, na wanawake wanapita na ndoo kichwani kwenda Ngware. Hakuna aliyeitisha mkutano. Ofisi ya kata ndiyo iliyopata tabu, kwa sababu kila wiki walitakiwa kupeleka idadi. Akaja bwana afya wa kata, kijana mstaarabu, anabisha hodi mlango kwa mlango.

"Kuna mtoto anaharisha hapa, bibi?"

"Hapana, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafunga kalamu. "Jitahidini basi, bibi. Mnaniweka pabaya."

Mwezi ulipokwisha ikaja barua ya Siwatu. Ilisema ameondolewa kwenye malezi kwa kosa la kushindwa kuwahifadhi wagonjwa aliokabidhiwa, ambao wote walipona mikononi mwake. Kosa la kumwaga kikombe halikuandikwa, nadhani kwa sababu lilitokea baada ya uzinduzi na lingebidi liwe limetokea. Arudishe fulana. Na kwa chini, kwa kuwa Mpango hauna kinyongo, akajulishwa kwamba utafiti wake haukupotea. Umehamishiwa Mkongoni, ambako watu wanakunywa bwawa moja na ng'ombe. Umezinduliwa vizuri, na ndani ya wiki mbili wamepatikana wagonjwa thelathini na watatu. Hao watatu wa ziada, barua ilisema, ni matunda ya malezi bora.

Siwatu aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye thelathini na watatu alirudia, kama mtu anayesoma tena ili herufi zibadilike.

"Bibi, Mkongoni ni mbali?"

"Siku nzima, ukiwa na goti zima."

"Wewe goti lako?"

"Nina moja zima. Twende."

Nilimwacha Nyamvula kwa Mama Kijoti tukaenda. Tulilala njiani kwa watu, tukafika asubuhi. Bwawa la Mkongoni ni la kijani, na ng'ombe wamesimama ndani yake mpaka matumboni. Pembeni palikuwa na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea upande. Tukamsalimia. Siwatu akamweleza yote, polepole, daftari mkononi, akamwonyesha majina ya watoto wetu na siku aliyopona kila mmoja. Akamwambia kuna mto, saa moja tu kutoka pale, maji safi, tumepita tumeyaona. Angalau mtoto huyu asinywe haya.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, na hakuwa mkali.

"Walikuja watu," alisema. "Profesa, na wenzake wengi, na gari. Wametuandikisha. Wamesema tusibadilishe maji mpaka utafiti uishe, tukibadilisha tutauharibu na hatutasaidiwa tena." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Nyinyi mna barua?"

Siwatu alinitazama. Mimi nikamtazama yule mtoto.

"Hatuna," nikasema.

"Wenzenu walikuwa nayo," alisema kwa adabu kabisa, akawasogeza ng'ombe kwa mkono, akainama kuchota.